Folda Niliyoificha Jaani

Kompyuta nimeijulia uzeeni, nikiwa na wajukuu sita na meno pungufu. Shule niliishia darasa la tatu. Sikujifunza kwa starehe. Nilijifunza kwa sababu shamba letu la Mkonze lilikuwa limebaki ndani ya mashine ile, na ushahidi mwingine haukuwepo.

Marehemu mume wangu alilinunua shamba lile kwa karatasi mbili zenye dole gumba la muuzaji na majina ya mashahidi. Amezikwa humo, na mtoto wetu wa kwanza kazikwa humo. Karatasi zilikaa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Mchwa walipoanza kuzila pembeni, binti yangu alizipeleka stationeri mjini zikapigwa picha, picha akaziweka kwenye kompyuta ya nyumbani kwake, mtaa wa Area D, ninakoishi. Karatasi zenyewe nilizirudisha sandukuni kwa mkono wangu. Nilidhani mchwa wameshiba. Mvua zilipokatika nikafungua sanduku, nikakuta udongo.

Mwaka ule mji ulikuwa unatufuata. Wapimaji walishamaliza mtaa wa jirani, kila kona wamechimbia kigingi cha zege chenye namba. Mwenyekiti wetu akatangaza kwamba kila mwenye shamba atapangiwa siku ya kuleta ushahidi.

"Mama, mimi nashinda kazini," binti yangu akasema. "Wakikuita ghafla utafanyaje? Jifunze kuzitoa mwenyewe."

Akaniketisha. Nilichokiona kwenye kioo kilinitia hasira: picha za harusi, barua za kazi, nyimbo za kwaya, vyote vimemwagwa pamoja.

"Hivi ndivyo mnavyoishi huko ofisini? Hata kuku anajua pa kutagia."

"Basi panga wewe, mama mkubwa wa makarani," akanijibu, anacheka.

Nikapanga. Akanionyesha kutengeneza folda, kuipa jina, kuiburuta picha mpaka iingie. Siku mbili picha ziliniponyoka njiani, ya tatu zikatii. Jambo lenyewe halikuwa geni kwangu. Kwetu mbegu ya mtama hailali na ya uwele, na karanga zina kibuyu chao. Nikatengeneza folda ya harusi, ya kwaya, ya kazi. Ya mwisho nikaiandika kwa herufi kubwa: SHAMBA LA MKONZE. Kwa kujizoeza nikanakili ile karatasi ya pili, nakala nikaitia kwenye folda niliyoiita Mazoezi. Nilijiona hodari.

Wiki ile ile shemeji yangu akaja, mdogo wake marehemu. Akaniamkia shikamoo. Miaka yote aliyonijua aliniita "wewe mama" tu, na siku hiyo kaniamkia shikamoo, kofia mkononi. Nikajua kuna kitu.

"Naambiwa shemeji umekuwa karani," akasema, anavuta kiti hadi mbele ya kioo.

"Nachezea chezea tu."

"Na karatasi za kaka zimo humu?" Kidole chake kilishatua juu ya herufi zangu kubwa. "Maana mimi nakumbuka shamba lile ni la mzee wetu. Kaka alilima tu."

"Kunywa chai, shemeji."

Alikunywa taratibu, macho kwenye kioo, halafu akauliza binti yangu hurudi saa ngapi. Nikamwambia. Mpaka leo sijui kwa nini nilimwambia ukweli.

Alipotoka nikakumbuka mwaka wa njaa nikiwa mdogo. Watu waliingia nyumba hadi nyumba, wengine ndugu kabisa, kutafuta nafaka. Mama aliitia mbegu kwenye kibuyu, akakiziba kwa kinyesi cha ng'ombe, akakifukia jaani, chini ya majivu na makapi. Walipekua hadi darini. Hakuna aliyechokora taka. Sisi tulikula mlenda mtupu, na mvua zilipokuja tulikuwa na cha kupanda.

Na kwenye kompyuta, pembeni kabisa, palikuwa na alama ya pipa la taka. Nikaiburuta folda ya shamba mpaka pipani. Ikazama. Nikalifungua pipa, naiona imetulia humo katikati ya uchafu. Nikasema, aje sasa.

Kila asubuhi nililifungua na kuikuta. Binti yangu sikumwambia. Siri ya watu wawili ni tangazo, na yeye humpenda baba yake mdogo.

Shemeji alirudi mara mbili. Mara ya pili nilimkuta ameshaketi kwenye kile kiti.

"Shemeji, naona umefanya usafi," akasema. Alikuwa akitabasamu.

Alhamisi mwenyekiti akaniita, niende Ijumaa na ushahidi. Jioni hiyo nikafungua pipa. Tupu. Nikalifunga, nikalifungua tena.

"Nani kagusa hapa?"

"Mimi, Mama. Mashine ilikuwa nzito, haifunguki, nikamwaga taka zote jana. Kwani kuna nini?"

Nikamwambia. Aliketi chini sakafuni na nguo zake za kazi. Akaulizia ile flashi iliyoletea picha kutoka stationeri, akakumbuka mwenyewe kwamba aliifuta akatia nyimbo za kwaya. Asubuhi tulimpelekea fundi mashine. Akahangaika nayo, akatikisa kichwa.

Kilichobaki ni ile nakala ya mazoezi, karatasi ya pili: mipaka, na mashahidi watatu, wote marehemu. Dole gumba la muuzaji lilikuwa kwenye ya kwanza.

Tukaichapisha, tukaipeleka kwa mwenyekiti, akaisoma mara mbili. "Bibi, hii inasema shamba linaanzia wapi na kuishia wapi. Haisemi nani kanunua."

Shemeji, aliyefika naye kudai shamba, hakutukana, hakupaza sauti. "Mwandikieni mgogoro tu," akasema kwa upole, "tutaelewana kifamilia." Wakaandika mgogoro. Wapimaji wakachimbia zege kwa jirani wa kulia, wakaturuka, wakachimbia kwa jirani wa kushoto.

Sasa pipa la taka la kompyuta ile halimwagwi bila mimi kuketi hapo. Na shemeji huja kila Jumapili baada ya ibada, huniamkia shikamoo, akauliza kama sina mpango wa kuhamisha yale makaburi.