Mama Alikula Kwanza

Muhogo uliolowekwa una harufu ambayo ukiizoea utotoni haikutoki tena. Ni harufu ya uchachu, kama ya maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu, na ndani yake kuna ubichi wa chungu cha udongo na moshi wa kuni. Harufu hiyo ilikaa katika nyumba yetu ya tembe huko Sepuka msimu mzima wa njaa, enzi za Mwingereza, wakati mimi meno yangu ya mbele yameng'oka na mapya hayajamaliza kuota. Wenzangu wakikumbuka utoto husifia harufu ya mvua ya kwanza au ya karanga zinazokaangwa. Mimi nikipita sokoni nikakutana na ule uchachu, moyo hunienda mbio kabla sijajua kwa nini, na macho yangu huanza kumtafuta mama, ambaye amekwisha kuzikwa miaka mingi.

Sisi ni watu wa uwele na mtama. Muhogo tuliletewa na serikali, au niseme tulilazimishwa. Bwana shamba alipita na watu wa jumbe, akaamuru kila kaya ipande kipande cha muhogo kuwa akiba ya njaa, na asiyepanda atajibu barazani. Wazee wakauita mti wa serikali, wakaupanda pembeni mwa mashamba na kuusahau. Tuliambiwa tumepewa aina nzuri kwa sababu nguruwe mwitu hawaigusi. Watu wakafurahi sana, na hakuna aliyejisumbua kuuliza nguruwe mwitu, ambaye hula kila kitu, alikuwa amegundua nini.

Kisha mvua zikakatika. Uwele ulikaukia shambani ukiwa na urefu wa goti, na vilindo vyetu, yale mapipa ya magome ya miti ambamo nafaka huwekwa, vikawa vinatoa mwangwi ukivigonga. Ndipo watu wakaukumbuka mti wa serikali. Jirani yetu, mama yake Salima, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchimba. Akamenya, akaponda, akapika siku ileile, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyojua kupika: nafaka ikitoka kilindoni asubuhi, mchana ni ugali. Kwetu kitu cha kungojewa siku kadhaa kilikuwa pombe tu. Salima alikuwa mwenzangu wa kucheza. Alasiri nilikwenda kumwita, nikamkuta amelala mkekani anatapika, anasema kichwa kinazunguka, na jua halijatua nikasikia kilio kutoka kwao. Ndugu zake wakubwa walipona. Yeye hakupona. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba chakula, kitu ambacho tulikuwa tunakiombea usiku na mchana, kinaweza kumwua mtu kwa mkono wa mama yake mwenyewe.

Mama yangu alikuwa mtu asiyekubali kukosea. Aliufagia ua mara mbili, mara ya pili kufuta alama za ufagio wa mara ya kwanza. Ugali wake haukuwa na donge hata dogo, na kama angelikuta angelitazama kama mtu aliyetukanwa. Baba alikuwa kazini kwenye reli upande wa Itigi, hivyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa mama: shamba lisilo na mazao, mbuzi waliobaki, maji ya kuchimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, mdogo wangu Asha, na mimi. Baada ya msiba wa Salima, mwanamke mmoja wa Kinyamwezi aliyeolewa kijijini kwetu alipita nyumba hadi nyumba akiwaeleza watu namna ya kuutengeneza ule muhogo mchungu: umenye, uuloweke mpaka ulainike, umwage yale maji, uuanike mpaka ukauke kabisa, ndipo utwange. Watu walifanya hivyo wakala. Mama alifanya hivyo, kisha akaongeza siku. Aliubonyeza kila muhogo kwa kidole gumba, na ule uliokuwa na moyo mgumu aliurudisha chunguni. Maji ya kuulowekea aliyatafuta alfajiri, na wakati huo maji yenyewe yalikuwa adimu kiasi kwamba tulinawa mikono sote katika bakuli moja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama alikuwa hajaumwa, lakini aliiona maiti ya aliyeumwa.

Hata hivyo, kilichonitisha zaidi kilikuja baada ya kupika. Mama alisonga ugali, akauweka katikati ya ua pamoja na bakuli la mlenda, akatuketisha mimi na Asha mbali kidogo, mikono mapajani. Kisha alimega tonge moja, akachovya, akala. Peke yake. Akajifuta mkono, akaegemea ukuta, nasi tukangoja. Tulingoja mpaka kivuli cha nguzo ya mlangoni kilipolifikia jiwe la kusagia. Kama hakikumpata kizunguzungu, kama hakushika tumbo, alisema, "Haya, njooni mle." Ugali ulikuwa umepoa na kufanya ngozi juu. Mwanzoni nilidhani ni uroho, kwamba mama anataka tonge la moto. Asha aliwahi hata kumwambia, "Mama, mbona unatangulia na wewe ndiye mkubwa?" Mama akasema tu, "Mtoto usinitazame hivyo." Siku moja, nikiwa nimemkazia macho, nikaona midomo yake inasoma kitu bila sauti, na vidole vyake vimekamata ukingo wa khanga hadi vimepauka, ndipo nikaelewa. Alikuwa anajaribu kifo ili tusikutane nacho sisi.

Tangu siku hiyo sikuutazama tena ugali wenyewe. Kila mchana mama yangu alikuwa anakaribia kufa mbele yangu. Nikawa simtazami usoni, natazama kivuli. Kilikwenda polepole mno. Nilikichukia, nikakisukuma kwa macho, nikaliona jiwe la kusagia kuwa liko mbali kuliko jana. Mama akikohoa, mimi najikojolea. Akifumba macho kwa uchovu, na alikuwa na uchovu wa kweli kwa sababu tonge lile la kwanza mara nyingi ndilo lilikuwa sehemu kubwa ya mlo wake, mimi namwita, "Mama! Mama!" mpaka anifokee. Nilipopewa ruhusa ya kula, koo lilikuwa limefunga. Nikakonda kwa njaa ambayo chakula chake kilikuwa mbele yangu. Usiku wa mtoto una mahesabu yake, na katika mahesabu yangu nikaona njia moja: mtu mwingine aonje kabla ya mama. Asha alikuwa mdogo. Nilibaki mimi.

Muhogo wetu, kama kila kitu cha kukaushwa, ulianikwa juu ya paa. Paa la tembe ni tambarare, la udongo, na upande wa nyuma ya nyumba liko chini kiasi cha mtoto kupanda akikanyaga gogo. Siku hiyo mama alikwenda kuchota maji, akaahidi kurudi na shangazi yetu, dada yake baba, aliyekuwa anakuja kutoka Mwankoko kutujulia hali. Nikapanda. Udongo ulikuwa unachoma nyayo. Muhogo ulikuwa umepangwa safu kwa safu, mweupe, umenyooka, kazi ya mama kabisa, na ule wa safu ya mwisho ulikuwa umetolewa chunguni asubuhi ileile, bado unyevunyevu. Nikauchukua huo kwa sababu niliona ndio wenye hatari zaidi, na jaribio liwe jaribio. Mpaka leo sijui kama ulikuwa upendo peke yake. Mwenye njaa hana miiko, na nilipoanza kutafuna ule uchachu laini sikuishia kipande kimoja.

Nilipokwisha kumeza ndipo hofu ya kweli ilipofika. Nikashuka, nikaketi mahali pa mama pa kuegemea ukuta, nikatazama kivuli. Tumbo likaanza kunguruma. Ulimi ukawa mkavu. Nikauona uso wa Salima, jinsi alivyogeuza macho. Kisha likanijia wazo lililonitia baridi jua likiwa kichwani: hakuna aliyeniona nikila. Nikifa watasema ni homa, au ni njaa, na mama atausonga muhogo uleule na kuula. Nitakuwa nimekufa bure na yeye atanifuata. Ilinibidi niseme nikiwa hai, na mtu pekee aliyekuwepo alikuwa Asha, aliyekuwa akimfukuza kuku wetu aliyebaki.

Nikamwita, nikamshika mabega, nikamwambia kwa sauti ya mtu mzima anayeusia, "Asha, nikifa, mwambie mama asile muhogo wa juu ya paa." Nilikuwa nimetegemea ataitikia kwa kichwa na kuitunza siri. Asha alipiga yowe lililofukuza kuku hadi kwa jirani, akatoka mbio njiani akilia, "Amekufa! Dada amekufa!" Nami, maiti, nikawa namkimbilia nyuma nikimwambia anyamaze.

Tulimkuta mama kwenye njia ya mtoni, shangazi nyuma yake. Alikuwa na mtungi kichwani. Mama hakuwahi kuvunja chombo maishani mwake, alikuwa hata akitucheka tukivunja vibuyu. Asha aliukariri usia wangu, na mama aliposikia neno "paa" alinyanyua mikono yote miwili kunishika, mtungi ukaanguka, na maji ya asubuhi nzima yakanywewa na mchanga mbele ya macho yetu. Hakuutazama. Alinibeba mpaka nyumbani, mimi mkubwa hivyo, miguu inaning'inia, na moyo wake nikausikia ubavuni mwangu ukipiga kama mchi.

Kisha tukakaa kungoja, lakini safari hii aliyetazamwa nilikuwa mimi. Nilitapika mara moja, na shangazi akasema ni heri. Mama alinipakata, ameukaza uso wake karibu na wangu, anahesabu pumzi zangu. Nikaona katika uso ule kila nilichokuwa nimekibeba siku zote hizo: kope zisizotaka kupepesa, mdomo mkavu, macho yanayoiba kutazama kivuli. Nikamwambia, "Ndivyo tunavyokutazama na sisi." Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mama yangu ambaye hata msibani alilia kwa utaratibu.

Kivuli kikaligusa jiwe, kikalipita. Nilikuwa mzima. Shangazi, aliyekuwa mwanamke mnene wa maneno hata katika njaa iliyomkondesha mwili, hakutuomba ruhusa. Alichukua unga wa muhogo uliokwisha kukauka na kutwangwa, akabandika chungu kwa maji kidogo yaliyobaki ndani, akasonga. Ulikuwa ugali wa madonge, nakumbuka vizuri, na mama aliyaona. Shangazi akauweka chini na kusema, "Wifi, sogea."

"Ngoja nionje," mama akasema.

"Huonji. Muhogo umeumenya, umeuloweka kupita walivyotufundisha, umeuanika, umeutwanga. Kazi yako imekwisha. Chakula hakiliwi kwa kuviziwa."

"Na nikiwa nimekosea?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Na wao wakiondoka nikabaki mimi?"

Shangazi alimsogezea mama sahani. Kisha akasema, "Wenyewe husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na hawa ni damu yako. Basi kula nao, wifi. Hawa wanakufa kwa kukutazama."

Tulikula wanne, mikono minne katika sahani moja, matonge ya moto yanayounguza vidole. Sitadanganya kwamba hofu iliondoka siku hiyo. Mama aliendelea kuongeza siku ya kuloweka, aliendelea kubonyeza kila muhogo kwa kidole gumba, na mkono wake ndio uliotangulia sahanini mpaka mvua ziliporudi na uwele ukaingia tena vilindoni. Lakini wetu ulifuata papo hapo, kabla hajameza, naye hakutuzuia.

Nimeishi maisha yangu mengi jikoni, nikisimamia chakula cha wanafunzi wa bweni, na walionifanyia kazi watakwambia nilikuwa mkali. Nilionja kila sufuria, nikasikiliza tumbo langu, ndipo nikaruhusu kengele ya chakula ipigwe. Wapishi walidhani napima chumvi. Chakula changu mwenyewe nilikila nimesimama, kazi ikiisha, kimepoa.

Siku hizi nakaa mjini Singida na mjukuu wangu, binti msomi mwenye kazi nyingi, ambaye hakuijua njaa hata siku moja. Friji imejaa. Lakini nimemwona akiukabili mlo wake kama adui: anaupima, anapunguza, anaugeuzageuza, akila kipande cha chapati asichokipanga siku yake yote imeharibika na anajisema kwa maneno ambayo asingemwambia mbwa. Sijui kivuli anachokingojea yeye ni cha nguzo gani. Juzi alipika wali, ukamshinda kidogo, ukashika chini, naye akausogeza pembeni akakaa anautazama, mikono mapajani. Niliujua mkao ule. Sikumpa hotuba, kwani shangazi alikwisha kuimaliza. Nilinawa, nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana, nikatia mkono katika sahani yake upande wa ukoko, nikamega.

"Bibi, umeungua huo," akasema.

"Sogea," nikamwambia, "wa moto huu."