Punje Tatu za Fundi wa Kashai

Fundi wa kompyuta wa Kashai, yule yule aliyefufua mashine ya parokia iliyonyeshewa na kuokoa majina ya wabatizwa wote, hagusi laptopu ya mtu kabla ya kumwekea kahawa ya kutafuna. Vidole vyake vyembamba hupanga punje tatu mezani, kila moja na jina lake: kazi, gemu, mambo ya kila siku. "Tafuna ile utakayoweza kuikosa," husema, kwa sauti ya chini kama ya mtu aliye kanisani.

Siku ile Rwekaza, mpiga chapa kutoka Muleba, alizitazama punje hizo mpaka chai aliyokaribishwa ikapoa. Laptopu yake kuukuu ilikuwa ikiganda katikati ya barua za watu, na wateja walishaanza kumkimbia.

"Fundi, gemu la mpira ndiyo starehe yangu pekee!"

"Basi tafuna kazi, baba, ukale magoli."

Rwekaza akacheka, akaitafuna punje ya gemu, uso umemkunjamana. Fundi akamkabidhi flashi.

"Humu mna Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, mwepesi kwa mashine iliyozeeka; gemu lako halitacheza, ila barua zitaandikika. Iwashe laptopu kwa flashi hii wiki mbili, Windows yako sijaigusa. Andika kila kitakachokukwaza. Ukiniletea karatasi tupu, ndipo nitaifuta hiyo Windows."