Mbuzi wa Ntheo Mlangoni pa Kanisa

Hadi leo sijajua nani alikuwa na haki kati ya mzee yule na pasta wake. Nilikuwa nimeketi katika ofisi ya kanisa, hapa Tulia, nikingoja barua, mzee alipofika akivuta mbuzi wawili. Nyuma yake alikuja bintiye, jicho limevimba.

“Pasta, hawa ni mbuzi wa ntheo. Nimewarudisha.”

“Mzee, mbuzi waliotolewa kufunga ndoa hurudishwa kwa babake mume, si kanisani.”

“Siku ya harusi ulisema aliyewaunganisha ni Mungu. Basi mpe mbuzi wake.”

Ningecheka, lakini binti alikuwa akilia kimya. Pasta alivua miwani.

“Ndoa siwezi kuivunja, mzee. Sikupewa uwezo huo.”

“Na ikimuua?”

Nimesoma mengi kuhusu talaka, na swali hilo bado linanishinda.  Pasta na mzee walikubaliana kwamba ndoa haijavunjwa, ila binti hatarudi kwa mumewe. Atakaa kwa babake. Watoto wake walikuwa wamebaki kwa mumewe, kule Ikutha. Mkewe pasta alipanda pikipiki mchana huohuo, akaenda kuwaleta.