Mkwe Wangu na Mtambo wa Kukaushia Chai

Kompyuta ya chuo iliniambia kuwa chai yangu imetoka na kiasi cha maji kilicho chini ya sifuri. Mhadhiri akacheka mbele ya darasa zima la wanaume.

"Binti, hiyo chai inalimwa wapi? Namba umeziokota kitabuni. Nenda kwenu kapime mtambo wenyewe, la sivyo mradi huu siupokei."

Ulikuwa mradi wa mwaka wa mwisho: usanifu mtambo wa kukaushia chai, kisha uuendeshe ndani ya kompyuta uone majani yatakaukaje. Bila mradi, hakuna shahada. Mimi nilibeba mimba humo humo chuoni, nikajifungua, nikarudi darasani na maziwa yakinivuja. Nishindwe na majani?

Nikarudi Rungwe na mwanangu. Kiwanda cha chai kilikuwa kimeshauzwa kwa mwekezaji, na meneja mpya alinipa siku moja tu. Tatizo nililikuta Masukulu, kwa wakwe zangu: siku hiyo zamu ya mtambo wa kukaushia kiwandani ilikuwa ya baba mkwe. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba wa mumewe. Akimwona njiani anakimbilia migombani. Hamsemeshi. Tangu niolewe nilikuwa nakijua kikohozi chake tu.

"Huendi," mama mkwe akasema.

"Naenda, mama."

"Ukamwangalie mkweo usoni? Mwee! Umesoma mpaka umeharibika."

"Basi nishikie mtoto."

"Simshiki. Mpeleke huko huko kwenye moto wako."

Mume wangu alikuwa Chunya kwenye dhahabu. Angekuwepo angesema nisubiri. Nisubiri nini? Nikamfunga mtoto mgongoni nikaondoka.

Nilimkuta mzee anatia kuni kwenye tanuru. Akageuka, akaniona, akatupa gogo chini na kutoka mbio mlango wa nyuma, mtu mzima na mvi zake.

"Mzee kamkimbia mkwewe!" wafanyakazi wakaangua kicheko. "Dada, ungepiga hodi kwanza!"

Mimi sikucheka. Alikuwa ameacha mlango wa tanuru wazi, moto unavuma, na mshale wa kipimajoto niliokuja kuusoma ulikuwa unapanda. Harufu ya majani ikaanza kubadilika. Kwa mwekezaji yule, aliyeunguza chai alikwenda nyumbani moja kwa moja. Nikamfuata mzee nje.

"Baba! Chai inaungua!"

Alikuwa amenipa mgongo, uso kwenye ukuta. "Mwambieni huyo mwanamke aondoke kwanza."

"Hakuna wa kuniambia, baba, niko hapa mwenyewe. Na siondoki. Rudi ufanye kazi yako, na mimi nifanye yangu."

Mzee akaokota gunia tupu, akajifunika kichwa, akalishusha mpaka kwenye nyusi, akaingia huku anatazama miguu yake. Akaufunga mlango wa tanuru. Mshale ukashuka.

Tukafanya kazi hivyo. Nilipima majani yakiingia mabichi, nikayapima yakitoka. Nikauliza majani yanachukua muda gani kutoka trei ya juu mpaka ya chini.

"Mjukuu wangu," gunia likajibu, "mwambie mama yako ahesabu mwenyewe. Leo majani yamelowa mvua, si kama ya jana."

"Asante, baba," nikamjibu yeye, si mtoto. Nikahesabu.

Habari ilinitangulia nyumbani. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Utatoa kuku, uombe radhi."

"Sitoi hata yai. Mzee ana kazi yake bado, na mimi nina namba zangu. Radhi ya nini?"

Chuoni niliziingiza zile namba kwenye kompyuta, mtoto akiwa mapajani. Safari hii chai ilitoka na maji kidogo tu, kama chai ya kweli. Mhadhiri alipekua kurasa akitafuta kosa, akarudia, akakosa.

"Umepima mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na huyo mtoto alikuwa wapi?"

"Mgongoni. Saini, mwalimu, ana njaa."

Akasaini. Nilizivuta karatasi zangu kabla wino haujakauka, nikakaa pale pale kwenye kiti chake cha wageni, nikamnyonyesha mwanangu.