Kasi Aliyoiongeza Emanueli

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Wewe unaanza kazi ya kuandika draiva, zile programu ndogo zinazouwezesha mfumo wa kompyuta kuzungumza na vifaa vyake, kwa hiyo kaa nikuambie. Mimi mama yako mkubwa niliifanya kazi hiyo kabla yako, na siku ninayoisema ulikuwa ndiyo kwanza umezaliwa, kabla ya wakati, mdogo kama kifaranga.

Tulikuwa mafundi wawili chini ya Mzee Bura, mimi na kijana wa kijiji cha Hirbadaw aliyeitwa Emanueli. Nilimwonea wivu, sikufichi. Mimi nahangaika na tatizo mpaka chai inapoa, yeye anapita tu, anainama, anasema, "Dada, jaribu hapa," na kitu kinakubali. Halafu ananiuliza kama nimeelewa, kwa upole kabisa. Upole ule ndio ulionikera zaidi.

Kituo cha afya ulichozaliwa kilikuwa na kompyuta mezani kwa wauguzi, ikionyesha joto la kila mtoto njiti. Vihisi vyote vya joto, vile vipimio anavyofungwa mtoto, vilitumia njia moja ya data, vikijibu kwa zamu. Wauguzi wakalalamika kwamba namba zinachelewa kubadilika. Emanueli akapandisha kasi ya njia ile ndani ya draiva, akaijaribu karakanani kwetu kwa waya mfupi, ikaenda vizuri.

Lakini baridi ya Mbulu unaijua. Pale kituoni mtoto dhaifu kuliko wote hulazwa chumba kinachopakana na jiko, ukuta wake uko vuguvugu. Waya wa kufika huko ulikuwa mrefu, umepitishwa kwenye tundu la ukuta, na kwenye kitanda cha mwisho ulikuwepo wewe.

Siku tulipoiweka draiva hiyo kituoni, namba zikaanza kubadilika haraka kwenye kioo cha kompyuta. Wauguzi walipiga makofi. Mama yako, ambaye hata kukaa sawasawa ilikuwa shida, akaniambia, "Dada, huyu Emanueli ndiye fundi sasa." Mdogo wangu mwenyewe, tumbo moja! Nilitabasamu kwa meno tu.

Wenzangu walienda kunywa chai. Mimi nikabaki mbele ya kioo nikitafuta kosa lake. Sikuwa nakulinda wewe, mwanangu, nilikuwa namvizia yeye. Ndipo nikaona namba zote zinapanda na kushuka isipokuwa yako. Thelathini na sita nukta saba, imetulia tuli, wakati muuguzi alikuwa amekufunua kukubadilisha nguo muda mrefu. Nikaenda kukugusa miguu. Ilikuwa ya baridi kama chuma cha alfajiri.

Nikapiga kelele, wote wakaja mbio. Muuguzi akakuweka kifuani kwa mama yako, ngozi kwa ngozi, wakawafunika kwa blanketi mbili, na tukasubiri. Kihisi chako kilishindwa kasi ile kwa urefu wa waya, kikawa hakijibu. Draiva nayo haikusema imekosa jibu, iliendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyoipata.

Ulipoanza kulia ndipo nilipomgeukia Emanueli kumlaumu kwa sauti, na wauguzi wote wanasikia. Mzee Bura akanishika mkono, akanitoa nje.

"Binti, unataka mtoto apone, au Emanueli aaibike?"

"Vyote viwili, mzee," nikamjibu.

Hakucheka. "Jicho lako la wivu limeona tusichoona sisi wote. Basi lielekeze kwenye kazi yake, uso wake uuache. Nendeni mkarekebishe pamoja."

Tukakaa. Tukarudisha kwanza mpangilio wa zamani, kisha tukaanza upya, na Emanueli akaimaliza vizuri kuliko ambavyo ningeweza, akasifiwa tena. Mama yako alipoulizwa jina la mtoto hakufikiri mara mbili. Miguu yako niliigusa mimi, lakini wewe unaitwa Emanueli. Kila nikikuita inanichoma kidogo, mpaka leo.

Basi sikia. Kabla hujabadilisha kasi ya njia ya data, soma iliyopo na uitunze, upate pa kurudi. Uliza kila kifaa kilichoko kwenye njia hiyo kinaweza kwenda kasi gani, na ukifuate kilicho cha polepole kuliko vyote. Gusa sehemu ya mpangilio iliyo yako tu, maana njia hiyo hiyo hutumiwa na vifaa vingine. Simamisha mazungumzo kwanza, usibadilishe kifaa kikiwa katikati ya kujibu. Jaribu kwa waya ule ule utakaotumika, palepale utakapotumika, baridi na ukuta na kila kitu. Na jibu likikosekana, draiva yako iseme wazi kwamba limekosekana. Namba ya uongo inayotuliza watu ingekuua wewe.

Mungu akubariki mikono na macho, mwanangu. Akupe kazi nzuri mpaka watu wakuonee wivu, na siku utakapokosea, mmoja wao awe amebaki kwenye kioo akikuvizia.