Mchoro Uliofungiwa Kati ya Mbili na Nane

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilipojibu simu nikicheka. Sijui kama nitaieleza sawa, maana shule yangu iliishia njiani na kompyuta nilijifunza kwa kubahatisha. Nitajaribu nisimwonee mtu, hata mimi mwenyewe.

Nilikuwa fundi wa zahanati moja pale Hurlingham. Niliandika programu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, iliyochora joto la friji ya dawa kwenye dirisha la kompyuta. Chini ya dirisha palikuwa na vitufe vya kukuza mchoro na kuusogeza. Wauguzi walivichezea, mstari ukapotea, nikawa naitwa kila saa. Nikaviondoa vyote. Kisha, ili mstari upendeze, nikaufungia mchoro kati ya nyuzi mbili na nane, kiwango kinachofaa dawa. Kilichopita hapo hakikuchorwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sista Nduku, mama mtu mzima aliyetunza stoo ya dawa, alikuwa na kipimajoto chake na daftari. Nilimwambia aviweke kando, ni mambo ya kale.

Ijumaa hiyo akanipigia. "Kijana, mstari wako umeenda wapi?"

"Dirisha limekwama tu, Sista. Lifunge, ulifungue."

"Nimefungua. Ni tupu kama sufuria ya kapera."

"Basi ni waya wa kipimo. Nitakuja Jumatatu."

"Si nichungulie friji?"

"Aa, wacha. Utapoteza baridi bure."

Kesho yake mstari ukarudi wenyewe. Nikajisifu.

Jumatatu Mama Wambui wa Kangemi alichukua insulini yake. Wiki iliyofuata binti yake alimleta hajitambui, sukari imepanda. "Amejidunga kila siku, nikimwona," binti alisema. Mama hakurudi nyumbani akiwa hai. Daktari alisema kidonda cha mguu nacho kilichangia. Ninaliandika hilo kwa kuwa ni kweli, si kwa kujikosha.

Sista aliniamuru nifungue faili ambamo programu ilihifadhi namba. Zilikuwepo zote. Ijumaa mchana mpaka alfajiri, nyuzi tano chini ya sifuri. Na insulini ikishaganda, hata ikiyeyuka ikaonekana safi, nguvu zake zimekwisha.

Sista alichukua mkoba wake. "Dirisha lako lilijua neno moja tu, salama," akasema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa twende Kangemi. Na utasema wewe, si mimi."

Nilisema. Yule binti hakunitukana. Aliuliza tu, "Kwa hiyo kompyuta ilijua?" Nikajibu, ndiyo. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mwanangu, ukichora kitu ambacho watu wanakitegemea, acha nafasi juu na chini ya unayoyatarajia, kwa maana hatari haina adabu ya kukaa ndani ya mipaka yako. Waachie watu vitufe, hata wakivichezea. Dirisha likiwa tupu, usiseme limekwama kabla hujasoma namba, na kabla mtu hajafungua friji kwa mkono wake. Mkubwa akikuuliza mara ya pili, inuka uende. Sina hakika kama ninastahili kumshauri mtu, lakini kunyamaza nimeshakujaribu, na hakukumfaa yeyote.

Mungu akupe moyo unaoonyeka, na kazi ya mikono yako isimlize mtu. Amina.