Wadi Isiyokuwepo

Kwa miaka kumi Mzee Bethwel, fundi wa pekee katika hospitali ndogo ya serikali iliyozungukwa na chai, alitengeneza wadi ambayo haikuwepo.

Ilikuwepo, jamani! Ilikuwa na vitanda kumi na viwili vya kina mama waliojifungua, na paa lililovuja kila siku saa tisa alasiri, maana mvua ya huko haijui likizo. Lakini mwaka wa 1985 mtu fulani mkoani aliandika kwenye faili kwamba Wadi ya Tatu imebomolewa. Basi kila mara Bethwel alipoomba mabati, jibu likawa lile lile: jengo lililobomolewa haliezekwi.

Akawa anaziba kwa alichopata. Alitumia lami, madebe yaliyobondwa, hata kibao cha kampeni cha bwana mmoja aliyeanguka uchaguzi wa tisini na mbili. Kibao hicho kilizuia mvua kuliko yote, na ndilo jema pekee ambalo bwana yule aliwahi kuwafanyia wananchi. Sista Nyamoita, mkuu wa wadi, alihamisha vitanda kukwepa matone, na watoto wakawa wanabatizwa kabla kasisi hajapata habari.

Watu walicheka. Bethwel aliona aibu. Mtoto wa siku moja kunyeshewa akiwa ndani ya hospitali lilikuwa jambo lililomuuma mpaka akakosa hamu ya chakula.

Machi 1995, mvua ndefu ikikaribia, akaja ofisa wa majengo.

"Nimekuja kuona hii kiwanja," akasema, akifungua faili. "Mkitaka wadi mpya, lazima nihakikishe hapa ni tupu."

"Lakini mkubwa, umesimama ndani ya wadi."

Ofisa alitazama faili, akamtazama mama aliyekuwa akinyonyesha kwenye kitanda cha tano, akarudi kwenye faili.

"Mzee, mimi naamini karatasi. Hapa kuna kitu ama hakuna?"

Bethwel, mzee wa kanisa, alifungua kinywa aseme kweli. Hapo tone likadondoka kwenye paji la mtoto wa kitanda cha tano. Akapiga moyo konde.

"Hakuna, mkubwa. Ni nyasi tu."

"Nyasi mingi sana," Sista Nyamoita akaunga mkono, akimpisha mama aliyekuwa akienda choo.

Mvua ikakolea. Ofisa akaomba beseni lisogezwe asilowe viatu, kisha akaandika kwamba kiwanja ni kitupu, akatia sahihi.

Mwezi wa tano mabati ya wadi mpya yakaletwa, lori zima. Bethwel akayapandisha juu ya kuta zilezile. Siku alipomaliza ilinyesha mvua ya mawe, kelele tupu, na ndani hakukudondoka hata tone. Alisimama katikati ya vitanda akalia mbele ya kina mama wote, wala hakujificha.

Wiki tatu baadaye akapata barua. Ilisema kwamba kwa kuwa wadi sasa ni mpya, na jengo jipya halina cha kutengenezwa, kazi ya fundi imeondolewa. Ilimshukuru pia kwa jinsi alivyobomoa ile ya zamani bila kuacha hata tofali. Unga ukamwagika hivyo hivyo. Wakubwa hao hupenda kukata utepe; kumwachia mtu nyundo na misumari yake hawataki kusikia.

Jumatatu iliyofuata, saa ya kuona wagonjwa, Bethwel alipanga foleni langoni na kikapu. Juu kulikuwa na chupa ya chai, chini nyundo na misumari.

"Mzee, unaona mgonjwa gani?" akauliza Kipkorir, askari mpya wa lango.

"Wadi ya Tatu."

"Jina?"

"Ni hiyo wadi yenyewe. Kuna msumari inaanza kulegea hapo juu ya kitanda ya tano."

Kipkorir alichungulia kikapu, akachukua kalamu. Kitabu cha wageni kilitaka kujua uhusiano wa mgeni na mgonjwa. Akafikiri kidogo, akaandika "mzazi", kisha akamfungulia lango.